Mwalimu Saidati na Shule Isiyo na Kengele

Mimi naitwa Kabatesi, lakini hapa mtaani Mbugangari hata watoto wa kubebwa mgongoni wananiita Afande. Nilizaliwa Karagwe, Kiswahili changu ni cha huko, na kwa miaka kumi na tisa nilisimama barabarani na filimbi mdomoni, nikisimamisha malori yanayoshuka kutoka Kanama na viazi juu na breki za kubahatisha. Goti liliponiangusha nikastaafu. Nikakaa nyumbani miezi minne, nikagombana na jirani, nikimaliza jirani nagombana na kuku. Ndipo nikasikia kuna mwalimu anatafuta mlinzi wa geti. Sikuuliza ni shule ya namna gani. Ningeuliza nisingeenda, nasema ukweli wangu.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, ukuta wake wa mawe meusi ya volkano, na uani kuna mparachichi mmoja mvivu. Wanafunzi kumi na mmoja, wadogo miaka kumi na miwili, wakubwa kumi na saba. Hakuna sare, hakuna paredi, hakuna kengele. Wakati wa mapumziko Mwalimu Saidati alikuwa anachukua kitenge cha kijani na kukianika kwenye waya, na watoto wakikiona wanatoka, kila mmoja kwa wakati wake. Siku ya kwanza nilimwuliza, Mwalimu, hii ni shule au ni dobi? Alicheka mpaka akashika ukuta.

Watoto wenyewe, we acha tu. Kulikuwa na Igor, miaka kumi na sita, aliyesoma huku anazunguka uwanja na kitabu mkononi. Ukimkalisha kwenye kiti haelewi neno. Lakini ndiye aliyeandika barua ya kurasa tatu kuhusu mfereji wa mtaa wetu, wenye ofisi wakaja wakauzibua ndani ya wiki. Kulikuwa na Mwiza, aliyejua lugha nne, na soksi ikiwa na mshono upande wa vidole analia kama kachomwa. Vichwa vyao vilikuwa vikali, na shule nyingine zilikuwa zimewatema wote. Kila mmoja alisoma hesabu na lugha kama watoto wengine, ila alikuwa pia na kazi yake ya mwaka mzima aliyoichagua mwenyewe, na Mwalimu aliifuata kazi hiyo kwa heshima kana kwamba ni ya daktari.

Mwalimu Saidati alikuwa mwanamke mfupi, mtandio haumkai kichwani, mikono haitulii. Alizaliwa Goma, ng’ambo ya mpaka, mtaa wa Birere, baba yake fundi cherehani, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Mimi nilimwambia anakichinja Kiswahili bila bismillahi. Yeye akaniambia changu ni cha kusoma taarifa ya habari. Hivyo ndivyo tulivyopatana.

Sasa niseme kosa langu la kwanza, maana nilikuwa na mawili. Asubuhi ya siku ya pili nikaona saa mbili imefika, watoto wametawanyika uani hovyo. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Nikapuliza filimbi ile ndefu, ya kusimamisha lori. Msichana mmoja wa miaka kumi na minne, Gwiza, akaziba masikio, akakimbilia jikoni, akaingia chini ya meza. Hakutoka mpaka saa tisa alasiri. Mimi nikasema huo ni ukaidi, samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu akaja akakaa karibu yangu kwenye benchi la geti.

“Afande,” akasema, “ule mutoto hana ukaidi. Masikio yake ndiyo inaumia. Na hiyo samaki yako, hapa kwetu iko sambaza. Kidogo hivi, kama kidole. Ukiikunja inavunjika.”

Hakunifukuza. Aliniomba tu nitafute mahali pa kuiweka filimbi. Nikaiweka ndani ya kopo la majani ya chai kwenye kibanda changu, nikalifunga.

Siku nyingine tukila sambaza zenyewe, alinisimulia kwa nini alianzisha shule hii. Alikuwa mwalimu wa hesabu miaka kumi na mitano kwenye shule kubwa, ya wanafunzi hamsini kwa darasa. Kulikuwa na binti mmoja, Belise, ambaye kila kengele ilipolia alipiga kelele na kuangusha meza. Walimu walikaa kikao, ikaandikwa barua ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu, na Saidati akatia sahihi yake pamoja na wengine. Miaka minne baadaye, akivuka mpaka mdogo, ule wa waendao Kongo kwa miguu, kwenda kumwona shangazi yake Goma, akakutana na Belise kwenye foleni na beseni la nyanya kichwani.

“Akanisalimia muzuri kabisa,” Mwalimu aliniambia. “Halafu akasema, Madame, ile siku ya mwisho uliandika kosa ku ubao. Mustari wa tatu. Ulisahau alama ya kutoa. Afande, nilienda nyumbani, nikatafuta daftari yangu ya zamani. Mustari wa tatu. Ilikuwa kosa ya kweli.”

Akaanza kuchambua miiba ambayo sambaza hana. Kisha akasema, “Ile sahihi yangu, ningeweza kuifuta ningeifuta na ulimi.”

Muhula ulipoisha aliacha kazi, akafungua shule kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake. Mwalimu wa kwanza aliyemtafuta alikuwa Belise. Mpaka leo Belise huja kila Alhamisi kufundisha hesabu, na akimaliza hupitia ubao wa Mwalimu Saidati kutafuta makosa. Akiyapata, Mwalimu anafurahi kuliko asipoyapata.

Nirudi kwa Gwiza. Baada ya ile filimbi nilijua hatanisamehe. Hakuwa msemaji hata kwa wengine. Hapa kwetu mtoto akimpita mkubwa bila kumsalimu, watu wanauliza amelelewa na nani, na mimi damu ilinichemka kila asubuhi aliponipita macho chini. Lakini muhula wa pili akaanza jambo. Akifika getini anasimama, anaweka punje moja ya harage juu ya daftari langu la kuandikia wanaoingia na wanaotoka, kisha anakwenda zake. Kesho yake punje nyingine. Nikamwuliza Mwalimu, huyu ananidharau au ananiloga? Mwalimu akasema, “Anakusalimia, Afande. Pokea.”

Basi nikapokea. Na kwa kuwa sisi polisi hatutupi ushahidi, kila punje niliitia ndani ya lile kopo la chai.

Kazi ya mwaka ya Gwiza ilikuwa maharage. Mnajua maharage yetu ya sokoni ni mchanganyiko, gunia moja lina mekundu, meusi, ya madoadoa, ya manjano, watu hupanda hivyo na kupika hivyo. Gwiza alikuwa ameyatenganisha aina arobaini na moja. Kila aina alikuwa nayo kwenye kikopo chake chenye namba, na daftari lake lilionyesha inaota siku ngapi, inapanda mti kiasi gani, inaiva kwa dakika ngapi. Alianza kazi hiyo na bibi yake, Nyirahabimana, huko Mudende. Wawili hao walikuwa wanakaa na ungo kati yao siku nzima bila kusema. Bibi alipofariki, Gwiza akaja na mfuko wake wa mbegu.

Baba yake, Bahizi, ni mfanyabiashara wa viazi, naye familia yake ilirudi kutoka Kongo. Mtu mkubwa wa mwili, mwenye haraka. Alimpenda mtoto wake, lakini alimpenda kwa woga. Alikuwa ameshampeleka shule ya bweni moja huko mashariki, Gwiza akakataa kula siku tisa, akarudishwa akiwa mifupa. Sasa amepata nyingine, yenye sifa ya ukali. Mwezi mmoja kabla ya siku ya wazazi alikuja akasimama getini kwangu na Mwalimu.

“Madame, mi sikatai, mutoto anakula, analala,” alisema. “Lakini hasemake. Mama yangu ndiye alikuwa anamuelewa, na amekwisha kufa. Na mi nikikufa, nani atamuelewa? Kule watamunyoosha. Bon, tupatane. Siku ya wazazi, asimame mbele ya watu, aseme kazi yake. Akisema, anabaki. Asiposema, ninakuja na godoro, tunaondokea hapa hapa.”

Mwalimu alikubali, maana hakuwa na la kufanya. Lakini alipofunga geti mikono yake ilitulia kabisa, na hapo nikajua ameogopa.

Kuanzia siku ile mimi mwenyewe sikulala vizuri. Nilikuwa nimemzoea mtoto. Ikipita saa mbili kasoro hajafika, nachungulia barabara. Walifanya mazoezi kila siku, Gwiza na ungo wake, Mwalimu sakafuni, na wiki ya mwisho nilimsikia kwa masikio yangu akisema sentensi tatu kwa mfululizo. Sauti nzito kidogo, nzuri. Nilijifanya nafagia nikafuta machozi na kanga.

Ikafika siku yenyewe. Mpishi wetu, Illuminée, alikuwa amefiwa na binamu yake huko Cyanzarwe, akaenda msibani. Nikasema mimi nitapika, mimi nimepikia kikosi kizima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaingia jikoni. Juu ya meza nikakuta nyungo tatu za maharage safi, hayana jiwe, hayana takataka, yamepangwa vifungu vifungu. Nikasema moyoni, Illuminée bwana, kaondoka na msiba wake lakini maharage kachambua, na watoto wamepata la kuchezea. Ungo wa maharage yaliyochambuliwa, ukiwa karibu na moto, nchi hii una maana moja tu. Nikaosha, nikayamwaga yote kwenye sufuria kubwa, nikaongeza mengine ya gunia, nikachochea moto.

Saa mbili Gwiza akafika. Akaweka punje yake kwenye daftari, akapita kwenda jikoni. Mimi nilikuwa getini nimeshaanza kupanga viti. Sikusikia kelele. Afadhali ningesikia. Nilisikia Mwalimu akiniita kwa jina langu, Kabatesi, ambalo hajawahi kuniita.

Jana yake, kumbe, Gwiza alikuwa ameona mdudu kwenye kikopo kimoja. Akayatoa yote arobaini na moja, akayaacha jikoni palipo pakavu yapunge hewa, kila aina na kifungu chake, tayari kwa wageni.

Alikuwa chini ya meza. Magoti kifuani, kichwa kwenye magoti, anajitikisa. Sufuria inatokota pembeni yake. Mimi nimeona ajali nyingi barabarani, nimewatoa watu kwenye vyuma, lakini siku ile sikujua pa kuanzia. Niliomba radhi kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa Kihaya nilichojifunza utotoni. Gwiza hakusogea.

Mwalimu alitoka nje, akasimama ameelekea ukuta wa mawe, mgongo kwetu. Nikasema sasa ananifukuza, na ana haki. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanishika bega.

“Kaa chini, Afande.”

“Mwalimu, nimemuua huyu mtoto.”

“Haujaua mutu. Wewe ulipika. Mi nilitia sahihi ku barua ya Belise.” Akavuta kigoda, akaondoa sufuria motoni akaitua juu yake. “Kaa tu. Usiseme naye. Kaa karibu.”

Tukakaa sakafuni, wanawake wawili wazima, goti langu linanung’unika. Wazazi walianza kufika, Igor akawapokea getini huku anawazunguka. Saa nne ikapita. Saa tano Mwiza alisimama mbele akasoma kazi yake, tukaona kupitia mlangoni mikono ikipungwa hewani, maana pale hatupigi makofi ya kelele. Gwiza alikuwa bado chini ya meza.

Ndipo kichwa changu kizito kikaamka. Lile kopo.

Nilikwenda kibandani nikichechemea kadiri ya uwezo wangu, nikarudi nalo. Nikalimimina sakafuni, mbele ya meza, polepole. Punje zikatawanyika, na filimbi yangu ikadondoka katikati yake. Nilitamani kujipiga kofi. Gwiza akainua kichwa. Akaitazama filimbi muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kimoja akaisukuma pembeni, akaanza kupanga punje mstari mmoja.

Zilikuwa arobaini. Akatazama mlango. Nikakumbuka ya asubuhi ile bado iko juu ya daftari, nikaifuata. Nilipomwekea mkononi ikawa arobaini na moja. Sikuwa nimejua, kila siku aliniletea aina yake, kwa mpangilio wa namba, na hakuna aliyorudia. Nilikuwa nimekaa na kazi yake yote kwenye kopo la chai muhula mzima.

Akatoka chini ya meza, lakini hakusimama. Akanionyesha sufuria. Nikampa mwiko. Akatoa maharage yaliyopikwa akaanza kuyaweka kwenye sahani, kila moja mbele ya ndugu yake mbichi, na hapo, jamani, akaongea. Aliongea na mimi.

“Hii ni Mutiki. Imepasuka, imepita muda. Hii ni Umubano, bado dakika arobaini. Hii ukiipika na ile, moja inakuwa uji na nyingine inabaki jiwe. Umekosea, Afande. Hazikai sufuria moja kwa wakati mmoja. Unaanza na hii, unangoja, unaongeza hii.”

“Nimekosea,” nikasema. “Na hii je?”

Akanieleza. Nikauliza nyingine, akanieleza. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilipoinua macho, mlango wa jikoni ulikuwa umejaa Bahizi. Nyuma yake, getini, niliona gari lake, na juu ya gari godoro limekunjwa, limefungwa kamba.

Mwalimu alisimama. Bahizi alikuwa anamtazama mtoto wake sakafuni, midomo inatembea, mikono inapanga.

“Nilisema asimame,” akasema, lakini taratibu.

Mwalimu akamjibu, “Ndiyo, Papa Gwiza. Ulisema hivyo.”

Gwiza alikuwa amefika kwenye ile punje ya asubuhi, namba arobaini na moja. Nyeusi, yenye kitovu cheupe. Akatafuta ndugu yake kwenye sufuria, akaipata, akaiweka kwenye sahani.

“Hii haina jina,” akasema. “Ya Bibi. Hakuna sokoni, hakuna Kanama, nimetafuta. Zilikuwa ishirini na sita. Zimepikwa ishirini na tano.”

Yule baba mkubwa, mwenye haraka, alipiga magoti kwenye vumbi la mkaa na suruali yake ya sikukuu. Akanyoosha kiganja. Gwiza alifikiri kidogo, kisha akamwekea ile punje mbichi.

“Hii iko ya mama yangu,” Bahizi akasema. “Alikuja nayo kutoka Kongo, ku kona ya kitambaa. Nilijua imekwisha. Nilijua tuliikula yote siku ya matanga.” Akaigeuza punje kiganjani. “Gwiza, uliichunga, juu ya nini hukuniambia?”

“Hukuuliza,” Gwiza akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajibu swali.

Bahizi akakaa chini kabisa, miguu mbele. Akaonyesha punje ya kwanza. “Na hii, inaitwa aje?” Akaambiwa. Akauliza ya pili. Waliendelea hivyo mpaka arobaini na moja, na ile ya mama yake alirudisha mwenyewe mahali pake kwenye mstari. Kisha akainuka, akajipangusa, akatoka nje bila kuaga.

Nilimjua mtu huyu, neno lake ni neno, na mtoto hakusimama. Nikarudi getini kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikamwona anafungua kamba juu ya gari, nikadhani anaikaza. Nikafungua daftari kwenye sehemu ya wanaotoka, nikaandika saa, nane na dakika ishirini, kalamu ikasimama nilipofika jina la Gwiza. Sikuweza kuandika herufi ya kwanza.

Bahizi akanipita na godoro begani. Akaingia nalo jikoni. Mimi nyuma yake. Akapiga magoti tena, akalisukuma chini ya meza, akalinyoosha mpaka ukutani, akalipiga piga kwa kiganja kutoa mikunjo.

“Pale chini iko baridi,” akamwambia Mwalimu, bila kumtazama. “Apate pa kukaa.”

Mwalimu Saidati alitoka uani haraka, na sote tukamwona kupitia dirishani anaanika kile kitenge cha kijani wakati ambao si wa mapumziko, anakianua, anakianika tena, anajifuta nacho uso.

Nami nikarudi kibandani. Nikakata kile nilichokuwa nimeanza upande wa wanaotoka, nikageukia ukurasa wa wanaoingia, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ripoti: Saa nane na dakika ishirini. Godoro moja, limeingia.